Mti wa Mtoto: Somo juu ya Zawadi ya Aliyezaliwa



Habari ya mtoto mchanga ikifika mtaani, kila mmoja wetu hujiuliza: nimpelekee nini? Wengine hupeleka kanga au mbeleko, wengine sabuni na sukari, wengine kuku wa supu ya mzazi. Hizo zote ni zawadi njema, na somo hili halikusudii kuzikataza. Lakini tunajua kwamba nguo ya mtoto mchanga humbana kabla hajaota jino, na sabuni huisha kabla ya siku arobaini. Leo napenda tuitazame zawadi moja ambayo hukua pamoja na mtoto mwenyewe, nayo ni mti.

Tutaanza na desturi za watu mbalimbali, kisha tutayaendea Maandiko. Baada ya hapo tutazungumza juu ya mambo mawili ambayo huleta huzuni na ugomvi majumbani: hofu ya kuufunga uhai wa mtoto na mti, na haki ya mtoto wa kike juu ya mti wake. Mwisho tutaona namna ya kuchagua mti na kuupanda.

1. Desturi hii si ngeni kwetu

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Mtu akitaka kutaja kwao hasa, husema ndiko kilikozikwa kitovu chake. Maneno hayo yana asili yake. Mahali pengi kitovu au kondo la nyuma lilifukiwa katika ardhi ya ukoo. Kwa Waganda wa zamani lilifukiwa penye shina la mgomba, na mgomba ule ukatunzwa kwa heshima mpaka ulipozaa. Kwa Wachagga, mmea wa isale huonyesha mpaka wa kihamba, nao hupelekwa na mwenye kosa kwa yule aliyemkosea, akiomba amani. Hivyo mtoto wa Kichagga hujifunza mapema kwamba jani moja laweza kuwa na maana kubwa kuliko maneno mengi.

Wangari Maathai wa Kenya, aliyezaliwa 1940 na kufariki 2011, ndiye aliyeanzisha kazi ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza jinsi akina mama wa Kikuyu walivyomjia mzazi na mazao ya mashamba yao: ndizi mbichi, viazi vitamu na miwa, ili mtoto aonje matunda ya nchi yake tangu siku ya kwanza. Siku hizi wauguzi wanatufundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama tu kwa miezi sita, nasi yatupasa kuwasikiliza. Basi matunda na ale mama. Lakini maana ya desturi ile ni njema: mtoto ni wa nchi, na nchi inampokea.

Nje ya Afrika pia mambo ni hayo. Wayahudi wa kale walikuwa na desturi ya kupanda mwerezi azaliwapo mtoto wa kiume, na mti wa jamii ya mberoshi au msonobari azaliwapo wa kike. Siku ya arusi matawi ya miti hiyo yalitumika kutengenezea kibanda cha bwana na bibi arusi. Huko Japani wazazi wa binti walipanda mti uitwao kiri, ambao hukua upesi na mbao zake ni nyepesi, na binti alipoolewa mti ulikatwa ukatengenezwa kabati la nguo zake. Nchini Wales serikali ilianza mwaka 2008 kupanda mti kwa kila mtoto aliyezaliwa au kupokewa katika familia ya kulea. Tangu mwaka 2014 mti wa pili ulipandwa kwa ajili ya kila mtoto wao katika eneo la Mbale, nchini Uganda, karibu na Mlima Elgon, penye milima iliyopoteza miti yake. Kwa hiyo kuna watoto wa mbali ambao miti yao inakua Afrika Mashariki na kuzuia udongo wetu usiporomoke.

2. Maandiko yanatufundisha nini?

Tafadhali chukua Biblia yako usome Mwanzo sura ya 21 yote, si kipande tu. Mwanzoni Isaka anazaliwa. Kisha Ibrahimu anafanya karamu siku ya kumwachisha mtoto kunyonya. Baadaye kuna shauri la kisima kati yake na Abimeleki, na Ibrahimu anatoa kondoo wake saba wawe ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekichimba. Baada ya kuapiana ndipo anapanda mwesheli huko Beer-sheba. Maandiko hayasemi kwamba aliupanda kwa ajili ya Isaka, nasi tusiongeze neno. Lakini tazama taratibu ya mambo: mtoto amezaliwa, maji yamepatikana, haki ya mahali imeshuhudiwa, ndipo mti unapandwa. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia.

Zaburi ya 1 inamfananisha mwenye haki na mti ulio karibu na maji. Zaburi ya 128 inawafananisha watoto na miche ya mizeituni kuizunguka meza ya baba yao. Angalia kwamba hapo watoto ni miche, si miti mikubwa. Mche una mizizi michache, na mbuzi mmoja aweza kuumaliza kwa dakika moja. Zaburi inamsifu mwenye watoto, na papo hapo inampa kazi.

Kazi hiyo inaelezwa katika Luka 13, mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, lakini mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia pande zote na kuutia samadi. Hakuomba muujiza, aliomba nafasi ya kufanya kazi. Mzazi au mwalimu anayemwona mtoto mzito wa kujifunza na ausome mfano huo mara kwa mara.

Tena, katika Walawi 19, Waisraeli waliamriwa wasile matunda ya mti mpya miaka mitatu ya kwanza. Ya mwaka wa nne yawe matakatifu kwa Mungu, na ya mwaka wa tano ndipo wale. Hapo tunajifunza saburi. Na Yona alipewa mmea wa kivuli uliochipuka usiku mmoja na kufa usiku mmoja. Zawadi zetu nyingi hufanana na mmea ule.

3. Mti ni kumbukumbu, si hirizi

Sasa tuje kwenye jambo zito. Wako watu wasemao kwamba mti wa mtoto ukinyauka, mtoto ataugua, na mti ukifa, mtoto atakufa. Kutokana na usemi huo wazazi wengine huogopa kabisa kupanda. Wengine hupanda, kisha hulala macho kwa hofu kila jua la kiangazi linapowaka. Ubaya zaidi ni kwamba hofu hiyo hutafuta mtu wa kulaumiwa. Mbuzi wa jirani akila mche, jirani anaitwa mchawi. Mama mkwe akisahau kumwagia maji, anaambiwa hampendi mjukuu. Zawadi iliyoletwa kwa furaha imekuwa sababu ya watu kutosalimiana.

Hapana budi tufundishane wazi. Uhai wa mtoto uko mikononi mwa Mungu aliyemwumba, haukufungwa kwenye shina. Mche hufa kwa sababu zinazojulikana: kukosa maji, mchwa, mbuzi, jua kali, au kupandwa vibaya. Ukifa, ng'oa, chimba tena, panda mwingine mbele ya watu wote, wala usifanye siri. Hivyo jirani wataona kwamba kwenu mti ni kumbukumbu tu.

Na ikiwa ni mtoto aliyefariki? Jambo hilo hutokea, nasi hatuwezi kulipita kimya. Asije mtu wa ukoo akaukata mti ule kwa hasira, wala asije mwingine akamlazimisha mama autazame kila siku kama hataki. Mama aachiwe uamuzi. Katika Mwanzo 35 tunasoma kwamba Debora, mlezi wa Rebeka, alipokufa alizikwa chini ya mwaloni, nao ukaitwa mwaloni wa kilio. Kumbe mti unaweza kubeba huzuni pia, na watu wakaketi chini yake bila kuona haya kulia. Ayubu naye, katika sura ya 14, anautazama mti uliokatwa ukachipuka tena kwa kupata maji, akauliza habari za mwanadamu afaye. Swali lake lilipata jibu asubuhi ya Pasaka.

4. Mti wa mtoto wa kike

Jambo la pili zito ni hili: mti ni mali. Unguja na Pemba mkarafuu au mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, na miti huhesabiwa katika urithi. Hata bara, barabara ikipita shambani, miti huhesabiwa mmoja mmoja katika kulipa fidia. Kwa hiyo ukisema huu ni mti wa mtoto fulani, umetamka neno la mali, si neno la mapenzi tu.

Tunajua mambo yanavyokwenda. Mtoto wa kiume hupandiwa mnazi au mwembe, na hakuna wa kuuliza. Mtoto wa kike akizaliwa, wako wasemao: ya nini kumpandia, naye ataolewa aende zake? Au hupandiwa kwa shangwe, kisha akiisha kuolewa kaka zake huvuna na kuuza bila kumtumia hata kikapu. Siku akirudi nyumbani kwa ujane au kwa kuachwa, anakuta mti wake unaitwa kwa jina la mwingine. Je, tulimpa zawadi, au tulimdanganya tangu utotoni?

Sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Lakini sheria iliyoko kwenye kitabu haifiki shambani kwa miguu yake. Sisi ndio wa kuifikisha.

Liko kijiji kimoja katika jimbo la Rajasthan, India, kiitwacho Piplantri. Kiongozi wake, Shyam Sundar Paliwal, alifiwa na binti yake, na tangu mwaka 2006 kijiji kikaanza kupanda miti 111 kwa kila mtoto wa kike anayezaliwa. Wanakijiji na wazazi huchanga fedha zikawekwa benki kwa jina la mtoto. Wazazi nao hutia sahihi kwamba watamsomesha na hawatamwoza kabla ya umri wa sheria. Kuzunguka miti walipanda mishubiri ili kuzuia mchwa, na mishubiri hiyo ikawapatia akina mama bidhaa za kuuza. Wale si Wakristo kama sisi, lakini wametufundisha kitu: walifunga pamoja mti, fedha na ahadi iliyoandikwa.

Nasi tufanye kwa kadiri yetu. Kumbuka kondoo saba wa Ibrahimu: alitaka ushahidi. Basi siku ya kupanda iandikwe karatasi yenye jina la mtoto, aina ya mti, mahali ulipo, tarehe, na jina la aliyetoa. Baba, mama, na mzee mmoja wa ukoo watie sahihi. Kaka wakubwa waweko na wasikie. Nakala moja ikae na mama, moja kwa wazazi wa ubatizo, na ya tatu ipelekwe ofisi ya kijiji. Karatasi hiyo haitamaliza kila ugomvi, lakini itamsaidia asemaye kweli.

Sisi Waanglikana wa pwani tuna sababu ya pekee ya kuthamini majina yaliyoandikwa. Kanisa Kuu la Unguja liko Mkunazini, mahali palipoitwa kwa jina la mti, yaani mkunazi. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa. Ndani yake mna msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Chini ya mti huo Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wa Livingstone mwaka 1873. Watoto wangapi walipita soko lile, na majina yao hayakuandikwa popote! Kuliandika jina la mtoto wa kike na mali yake si jambo dogo.

5. Zawadi gani ya kuchagua?

Ukiwa na uwezo mdogo, mche mmoja wa matunda watosha. Mwembe au mparachichi wa kubebeshwa huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano, mtoto akiwa anakaribia kuanza shule, na matunda yaweza kununua madaftari. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa yapata mwaka wa sita hadi wa nane na huendelea miaka 60 au zaidi. Huo ni mti wa maisha mazima: maji, tui, makuti, kamba na mbao. Mwarobaini hutoa kivuli kizuri, lakini nawasihi akina mama, mtoto mchanga asinyweshwe mafuta yake kamwe, yamewadhuru watoto. Vivyo hivyo ua wa manyara una utomvu mweupe unaochoma macho, haufai penye watoto wanaotambaa.

Mpingo ni mti wa taifa letu, nao huhitaji yapata miaka 70 au zaidi kufaa kuvunwa. Apandaye mpingo hampandii mtoto bali wajukuu wa mtoto. Unafaa kupandwa kwenye uwanja wa kanisa na watoto waliobatizwa mwaka mmoja.

Asiye na shamba, kama jirani zetu waishio katika nyumba za kupanga mjini, asikate tamaa. Aweza kutoa mkeka wa ukindu wa kumlazia mtoto, au kigoda cha mbao kilichopigwa msasa vizuri kisiwe na vibanzi. Aweza pia kuchora mti wa ukoo: shina, matawi, na majina ya mababu na mabibi wa pande zote mbili. Usisahau majina ya akina bibi. Hata Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, aliwataja wanawake, na wa kwanza wao ni Tamari, jina ambalo maana yake ni mtende. Esta naye aliitwa Hadasa, yaani mhadasi. Hivyo hata jina laweza kuwa zawadi ya mti.

6. Kupanda na kutunza

Usipande kwa sababu tu siku ya ubatizo imefika. Ngoja masika au vuli, mche ukae kivulini huku ukimwagiwa maji. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, urudishe kwanza huo. Toa mfuko wa nailoni kabla ya kupanda. Wengi husahau, na mizizi hujikunja ikafa. Mwembe upewe nafasi ya mita 10 na nyumba au mti mwingine, na mnazi mita 9. Mnazi usiwe juu ya njia wala mahali wanapochezea watoto, maana nazi haichagui kichwa. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina. Zungushia miiba kuzuia mbuzi.

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, kila mwanachuo alipewa mche wake katika shamba la chuo. Miche iliyoandikwa jina la mtu ilipona zaidi kuliko ile iliyoitwa ya wote. Kwa hiyo mtoaji ataje pia mtunzaji: shangazi fulani atamwagilia mpaka mvua zijazo. Mtoto akifikisha miaka minne au mitano, apewe kopo lake dogo, amwagilie mwenyewe. Udongo uwahi ungali maji.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika Umoja wa Akina Mama

1. Katika ukoo wenu, kondo la nyuma lilifukiwa wapi, na maana yake ilikuwa nini?
2. Mtu akikuambia kwamba mti wa mtoto wako umenyauka kwa sababu ya uchawi, utamjibu nini?
3. Hesabu miti yenye majina shambani kwenu. Mingapi ni ya watoto wa kike? Ni nani anayeivuna sasa?
4. Soma Luka 13:6-9. Ni mtoto gani katika mtaa wetu anayehitaji mwaka mmoja zaidi wa kupaliliwa?

Wazazi wa ubatizo wanaojiandaa kwa ubatizo ujao na wazungumze mapema na wazazi wa mtoto juu ya mche, mahali pa kuupanda, na mashahidi. Karatasi iandikwe siku ile ile, kabla ya chai. Mungu awabariki watoto wetu, wa kiume na wa kike, na mikono itakayowamwagilia.

Mwalimu mstaafu